Njaa ya mtoto si tamaa: Tuisome upya ngano ya Hansel na Gretel

MWULIZE mwanafunzi yeyote wa shule ya upili akutajie funzo la ngano ya Hansel na Gretel, na hutasubiri sana. “Tamaa mbele, mauti nyuma,” atakujibu, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata alama zake zote. Akiwa mwerevu zaidi ataongeza kwamba watoto wasikubali vishawishi vya watu wasiowajua. Sina ugomvi na methali hiyo. Ugomvi wangu ni kuhusu anayetwikwa. Wanaokufa katika ngano hiyo ni watu wazima wawili, ilhali watoto wote wawili wanarudi nyumbani wakiwa hai. Sasa inakuwaje methali ya mauti iwaangukie wao?

Swali hili si la kuchezea maneno. Funzo tunalolitoa katika ngano ndilo mtoto analotoka nalo darasani, na neno tunalolichagua kumwelezea mhusika ni hukumu tunayompa. Katika makala haya nitadai kwamba usomaji uliozoeleka wa ngano hii umewahukumu wanyonge kwa kosa la wenye nguvu, na kwamba Kiswahili, kikitumiwa kwa uangalifu, kina zana za kuirekebisha hukumu hiyo.

Hebu kwanza tukumbushane kisa chenyewe, maana wengi wetu tulikisikia kwa vipande. Mkata kuni fukara anaishi kando ya msitu mkubwa pamoja na mkewe na watoto wawili. Njaa inaingia nchini. Usiku mmoja mke anamshawishi mumewe wawapeleke watoto katikati ya msitu na kuwaacha huko. Watoto hawajalala kwa kuwa tumbo tupu halina usingizi, na wanasikia kila neno. Hansel anajaza mfuko wake vijiwe vyeupe, anavidondosha njiani, na mbalamwezi inawarudisha nyumbani. Mara ya pili mlango umefungwa na vijiwe havipatikani. Anadondosha chembe za mkate wake badala yake, na ndege wanazila. Siku ya tatu, wakiwa wameonja matunda ya mwituni machache tu, ndege mweupe anawaongoza hadi kwenye kijumba kinacholika. Mwenye nyumba ni ajuza anayekula watoto. Anamfungia Hansel kizimbani ili anenepe na kumfanya Gretel mtumwa wa jikoni. Mwishowe Gretel anamsukuma ajuza ndani ya tanuri, watoto wanabeba lulu na vito vyake, bata mweupe anawavusha mto, na wanamkuta baba yao akiwa peke yake. Mama amekwisha kufa.

Ngano hii ilichapishwa na ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, mnamo mwaka wa 1812, ikiwa ya 15 katika juzuu la kwanza la mkusanyiko wao. Wapenzi wa lugha watawakumbuka pia kwa kazi nyingine: ndio walioanzisha kamusi kubwa ya Kijerumani ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1854. Hawa basi hawakuwa watu wa kuchagua neno ovyo. Hata hivyo, matini yao haikutulia. Waliihariri toleo baada ya toleo hadi lile la 7, la mwaka wa 1857, ambalo ndilo linalofahamika zaidi leo. Katika toleo la 1812, anayetaka watoto waachwe msituni ni mama yao mzazi. Kufikia toleo la 4, la mwaka wa 1840, amegeuzwa kuwa mama wa kambo.

Badiliko hilo ni la neno moja, lakini tazama kazi liliyofanya. Mama mzazi anayewatupa wanawe kwa sababu ya njaa ni jambo la kutisha, nalo linatulazimisha tuulize hiyo njaa ilikuwa kali kiasi gani. Mama wa kambo hatulazimishi kuuliza kitu. Tunatikisa kichwa na kusema, “Ndivyo walivyo,” kisha tunaendelea. Kwa hivyo hata kabla ya ngano hii kufika kwetu, ilikuwa imeanza kuhamishwa kutoka kwenye habari ya njaa na kupelekwa kwenye habari ya tabia mbaya ya mtu mmojammoja.

Na njaa yenyewe si pambo la mwanzoni tu. Toleo la 1857 linaitaja kwa neno la Kijerumani Teuerung, ambalo mzizi wake unahusu ughali. Ni njaa ya bei: chakula kipo mahali, lakini mkata kuni hawezi kukinunua. Nadhani msomaji wa Kenya aliyewahi kusimama dukani akiitazama bei ya pakiti ya unga wa ugali haitaji kamusi ili alielewe neno hilo. Ulaya ilikuwa na kumbukumbu ndefu ya mambo haya. Baa kubwa la njaa la miaka ya 1315 hadi 1317 lilifagia watu wengi. Miaka michache tu baada ya ngano hii kuchapishwa, mlipuko wa volkano ya Tambora, huko Indonesia, mwaka wa 1815, ulivuruga hali ya hewa kiasi kwamba mwaka wa 1816 ukaitwa mwaka usio na kiangazi. Mavuno yaliharibika, na majimbo ya Kijerumani yalikuwa miongoni mwa yaliyoumia sana.

Sasa tuje kwenye kijumba. Picha iliyoko akilini mwa watu wengi ni ya nyumba ya biskuti na peremende za rangi zote. Picha hiyo imeenezwa na vitabu vya picha, na mapambo ya Krismasi ya Wazungu, na opera ya Engelbert Humperdinck iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Weimar mwezi wa Desemba 1893. Lakini rudi kwenye matini ya Grimm uone. Paa ni la keki na madirisha ni ya sukari, naam, ila nyumba yenyewe ni ya mkate. Mkate! Kile kile kilichokosekana nyumbani. Kile kile mama alichokihesabu akaona hakitoshi vinywa vinne. Kile kile Hansel alichokidondosha njiani na ndege wakakila. Mtoto anayeota mkate baada ya siku tatu za njaa hatamani anasa. Anatamani chakula cha jioni alichonyimwa.

Tazama jinsi badiliko hili linavyofanana na lile la kwanza. Mama akiwa wa kambo na mkate ukiwa peremende, njaa inatoweka katika ngano. Kinachobaki ni watoto wenye meno ya kupenda vitamu wanaopaswa kufundishwa adabu.

Wahakiki nao wamechangia. Mnamo mwaka wa 1976, Bruno Bettelheim, mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Marekani, alitoa kitabu kilichosifiwa mno kuhusu ngano na akili ya mtoto. Kwa Bettelheim, watoto wanaokiguguna kijumba wanadhihirisha ulafi wa kinywa, tamaa ya kitoto ya kumtegemea mama na hata kummeza. Safari ya msituni ni shule ya kuishinda tamaa hiyo na kukomaa. Nakiri kwamba ni usomaji wenye mvuto, na katika ukurasa unaomhusu Gretel una mengi ya kutufundisha kuhusu ujasiri. Tatizo lake ni kwamba unaanzia mlangoni pa kijumba, kana kwamba watoto walifika hapo wakiwa wameshiba.

Aliyemtoa kasoro kwa nguvu ni mwanahistoria Mmarekani, Robert Darnton, katika kitabu chake cha mwaka wa 1984 kuhusu utamaduni wa Ufaransa ya kale. Darnton alihoji inawezekanaje kuzilaza ngano za wakulima kwenye kitanda cha mganga wa nafsi na kuzisoma kana kwamba hazina historia. Wakulima waliosimulia ngano hizi waliishi na njaa kama jirani, na mashujaa wao wakipewa nafasi ya kuomba chochote duniani, aghalabu huomba chakula. Naye Jack Zipes, katika kitabu chake cha mwaka wa 1979, alipendekeza kwamba ajuza wa msituni, aliyejilimbikizia vyakula na vito huku nchi ikifa njaa, anaweza kusomwa kama taswira ya tabaka la mabwana waliowanyonya wakulima.

Ninaegemea upande wa Darnton na Zipes, lakini nataka kufika huko kwa njia yangu, yaani kwa kupitia msamiati wa Kiswahili. Lugha yetu haina neno moja tu la jambo hili. Tuna njaa, uchu, tamaa, ulafi, uroho, choyo na ubahili, na kila moja lina makao yake. Anayeyachanganya ni kama fundi anayetumia nyundo kukata ubao.

Njaa ni hali inayompata mtu, hatuichagui. Ndiyo maana tunasema njaa “imeniuma” au “imenishika,” nayo njaa ndiyo mtenda wa kitendo. Tamaa ni jambo la moyo, na wala si ovu kila mara. Fikiria usemi “kukata tamaa.” Aliyekata tamaa amekosa matumaini, na sote tunamhimiza asifanye hivyo. Kwa hivyo tamaa inaweza kuwa pumzi ya kuishi na inaweza kuwa shimo la kufia, kutegemea unatamani nini na una nini tayari. Ulafi ni kula kupita kiasi. Uroho ni kutaka zaidi wakati unacho cha kutosha, ndiyo maana tunazungumzia uroho wa mali na uroho wa mamlaka. Choyo ni kumnyima mwenzako ulicho nacho, hata kikiwa kidogo.

Tuwagawie wahusika maneno haya. Hansel na Gretel wana njaa. Kama wana tamaa, basi ni ile ambayo bado hawajaikata. Mama ana choyo. Nasema hivi kwa tahadhari, kwa sababu yeye pia ana njaa, na ngano haifichi hilo. Lakini mara ya pili nyumbani kumesalia nusu ya mkate, na hesabu yake ni kwamba nusu hiyo haigawanyiki kwa wanne. Choyo hakihitaji utajiri. Kinaweza kumwingia hata maskini wa nusu mkate. Ajuza ndiye mwenye uroho. Nyumba yake ni chakula, na ghala lake lina maziwa, chapati za sukari, matufaha na njugu. Sandukuni ana lulu. Na bado anataka nyama ya mtoto. Huyu hana njaa hata chembe. Anamlisha Hansel vyakula vizuri kuliko vyote, naye Gretel anayevipika akipewa magamba ya kaa, na ukarimu wote huo wa kizimbani ni wa mfugaji anayemtazama ng’ombe wake mbavuni.

Ukiyapanga maneno hivi, methali inampata mwenyewe. Baada ya majuma manne ya kudanganywa kwa mfupa unaotolewa kizimbani badala ya kidole, ajuza anachoka kungoja. Anaapa kumla Hansel awe mnene au mwembamba. Hiyo ndiyo tamaa mbele. Anapoinama kwenye tanuri kumwonyesha Gretel jinsi ya kuchungulia moto, msichana yuko wapi? Yuko nyuma yake. Jamani, methali imetimia neno kwa neno, na aliyetimiziwa si mtoto.

Upo ushahidi mwingine wa kisarufi ambao walimu wa lugha wataupenda. Tunasema watoto hawa “walishawishika.” Chunguza kitenzi hicho. Mzizi ni shawishi. Katika kauli ya kutendwa tunapata “walishawishiwa,” na msikilizaji huuliza mara moja: na nani? Katika kauli ya kutendeka tunapata “walishawishika,” na swali linakufa. Ni tofauti ile ile kati ya “kikombe kimevunjwa” na “kikombe kimevunjika.” Mtoto aliyevunja kikombe anaijua sana tofauti hiyo, na ndiyo sababu hukimbilia kauli ya kutendeka! Kauli hii ina kazi yake halali katika lugha. Lakini tunapoitumia kueleza mtego, tunamsaidia mtegaji kutoka mlangoni bila kuonekana.

Na mtegaji yupo. Matini inasema waziwazi kwamba ajuza alikijenga kijumba kile kwa ajili ya kuwavuta watoto tu. Wahenga walituambia ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nyumba ya mkate katikati ya nchi yenye njaa imeundwa, na imeundwa na mtu anayejua watu wana njaa. Chambo hakiwekwi mahali palipo na shibe. Isitoshe, ajuza si mshawishi wa kwanza katika ngano. Wa kwanza ni mama, usiku ule kitandani, na aliyeshawishiwa ni baba. Mtu mzima alishawishiwa akiwa nyumbani kwake, katika akili zake timamu, akawatoa wanawe. Halafu sisi tunaandika ubaoni kwamba funzo ni watoto wasikubali vishawishi.

Msomaji makini atanipinga hapa. Atasema: watoto waliposikia sauti kutoka ndani ikiuliza nani anaila nyumba, walijibu kwamba ni upepo tu, wakaendelea kula. Huo si uongo? Si ulafi? Ni hoja ya haki na Bettelheim mwenyewe aliitegemea. Jibu langu ni kwamba ndiyo, ni uongo, na ngano haiwapambi watoto kuwa malaika. Lakini aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mtoto aliyelala siku mbili msituni bila chakula, akaambiwa aache kipande kilichoko mdomoni, hatapima adabu kama mgeni aliyealikwa chai. Kosa lake ni la kiwango chake. Adhabu anayoandaliwa ni kuliwa. Anayeona mizani hiyo iko sawa na asimame atuambie.

Hoja ya pili ya upinzani ni ngumu zaidi: je, kuchukua lulu na vito vya marehemu si tamaa? Hapa nadhani ngano yenyewe inasitasita, na ni vizuri tuiache isitesite. Hansel anajaza mifuko akifurahi kwamba vito hivi ni bora kuliko vijiwe. Njaa ya nyumbani inamalizika kwa mali ya aliyekuwa akiwanenepesha watu awale. Lakini je, njaa ya nchi imekwisha? Ngano haisemi. Familia moja imeokoka, bei ya mkate iko palepale, na pengine kuna mkata kuni mwingine ng’ambo ya msitu anayehesabu nusu mkate wake usiku huu. Huo ndio udhaifu mkubwa wa ngano hii kwa maoni yangu: inamteketeza mroho na kuuacha ughali ukiwa hai.

Hata hivyo, kabla hatujawahukumu watoto kwa lulu hizo, tusome tukio dogo lililoko katika toleo la 1857. Wanapofika mtoni hakuna daraja wala mashua. Bata mweupe anakubali kuwavusha. Hansel anapanda na kumwita dadake wakae pamoja. Gretel anakataa: watamlemea bata, heri awavushe mmojammoja. Msichana huyu ametoka kulishwa magamba na kufanyiwa utumwa, mifuko imejaa mali, nyumbani ni karibu. Bado anaupima mgongo wa ndege. Sijui uthibitisho bora zaidi kwamba mtoto huyu hakuwa mroho. Ajabu ni kwamba masimulizi mengi ya watoto hulifupisha au kuliruka tukio hili, nasi tunabaki na biskuti.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko yote. Tumwiteje yule ajuza? Wanaoisimulia ngano hii kwa Kiswahili humwita mchawi, na kwa tafsiri ya neno kwa neno hawajakosea, kwani ndivyo Kijerumani kinavyomwita. Lakini mchawi katika Kiswahili ni mtu anayeroga. Huyu hamrogi mtu. Hana tunguri wala hirizi, haapizi, hamgeuzi mtu nyani. Anachofanya ni kula watu. Kiumbe cha hadithi kinachokula watu, chenye pua kali inayonusa nyama ya binadamu kutoka mbali, sisi tunakijua tangu utotoni. Ni zimwi. Kwa utaratibu wa fasihi simulizi tunayoifundisha shuleni, hii ni ngano ya mazimwi, bega kwa bega na zile za Irimu wa Wagikuyu. Hata katika ukoo wake wa Ulaya ndivyo ilivyo: ngano ya Kifaransa inayofanana nayo, ya Kidole Gumba iliyochapishwa na Charles Perrault mwaka wa 1697, pia inaanza na mkata kuni aliyeelemewa na njaa na wanawe wanaotupwa msituni, na anayewangoja huko ni zimwi dume.

Kwa nini nalishikilia neno hili? Kwa sababu toleo la 1857 linasema ajuza huyu ana macho mekundu yasiyoona mbali, anatembea kwa mkongojo na kichwa kinamtikisika. Toa ulaji wa watu, na hiyo ni picha ya bibi yeyote kijijini. Kisha ngano inamchoma moto na sisi tunapiga makofi. Hapa kwetu, Kisii na Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa moto. Usukumani, nchini Tanzania, macho mekundu ya vikongwe, ambayo mara nyingi ni zawadi ya miaka ya kupikia moshini, yamewahi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi. Mtoto anayefundishwa kwamba mchawi ni bibi mwenye macho mekundu na kwamba mwisho wake mwema ni motoni, amefundishwa jambo ambalo mwalimu hakulikusudia. Zimwi, kinyume chake, halina anwani kijijini. Mtoto anajua kwamba zimwi ni la hadithini, na hofu yake inabaki huko, huku maana ikimfuata nyumbani: aliye na vingi na bado akala wenzake ni zimwi, awe kijana au mzee, awe na macho ya rangi gani.

Na tunayo methali inayolikamilisha wazo hilo: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ngano hii inaijaribu methali hiyo vikali. Waliowajua watoto hawa kuliko wote waliwatoa kafara kwanza, na wasiowajua wakawamalizia. Labda ndiyo sababu inatutisha hata tukiwa wazee.

Ninayoyasema yana matumizi nje ya darasa. Tunasoma magazetini habari za vijana wetu wanaoahidiwa kazi nzuri ng’ambo, wakifika wananyang’anywa pasipoti na kutumikishwa. Sikiliza maoni ya watu: “Tamaa ndiyo iliwaponza.” Tamaa ya nini? Ya mshahara? Kijana aliyetafuta kazi kwa miaka akaikosa, akaonyeshwa nyumba ya mkate, “alishawishika,” tunasema, na aliyeijenga nyumba hiyo anaendelea kuoka. Vivyo hivyo mtoto anayeiba andazi kantini kwa kuwa hajala tangu jana huitwa mroho mbele ya gwaride, na mkubwa anayeiba pesa za chakula cha shule nzima huitwa mheshimiwa.

Nawapendekezea walimu jambo jepesi. Mtakapoifundisha ngano hii, msianze na methali. Wapeni wanafunzi orodha ya maneno: njaa, tamaa, ulafi, uroho, choyo. Waambieni wampe kila mhusika neno lake na wathibitishe kwa tukio kutoka katika matini. Kisha waambieni waandike sentensi mbili kuhusu kijumba cha mkate, moja katika kauli ya kutendeka na nyingine katika kauli ya kutendwa, waeleze ni nani anayeonekana katika ya pili ambaye hakuonekana katika ya kwanza. Methali ije mwisho, wakiwa wamekwisha kujua inamhusu nani.

Watafsiri nao wakumbuke: nyumba ni ya mkate, mama katika toleo la kwanza ni mama mzazi, na anayekula watoto ni zimwi. Wasimsahau na yule bata.